Antoine Béchamp

Pierre Jacques Antoine Béchamp (tamka: Beshan, Bassing, Ufaransa, 16 Oktoba 1816 – Paris, Ufaransa, 15 Aprili 1908) alikuwa mwanakemia, mfamasia na tabibu kutoka nchi ya Ufaransa. Anatajwa mara nyingi kwa sababu ya ugomvi wake wa miaka mingi na Louis Pasteur. Ugomvi huo umefunika kazi zake tatu zilizo bora zaidi: njia ya kutengeneza anilini kwa kutumia chuma, kiwanja cha arseniki kilichokuja kuitwa Atoxyl, na maelezo ya mapema juu ya kimeng'enya kinachopasua sukari ya miwa.

Béchamp hakufika Afrika ya Mashariki. Hata hivyo Atoxyl ilifika kandokando ya Ziwa Viktoria akiwa bado hai, ikiwa mikononi mwa msafara wa Robert Koch uliopita Mwanza mwaka 1906 kwenda kupambana na ugonjwa wa malale. Kimeng'enya chake nacho kilikuwa cha kwanza kufungwa juu ya kitu kigumu bila kupoteza nguvu, na kutokana na jaribio hilo ilikua kemia ya leo inayopitisha malighafi katika mabomba yenye vimeng'enya, hatua baada ya hatua.

Maisha ya awali

Béchamp alizaliwa katika kijiji cha Bassing, eneo la Lorraine, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa msagaji nafaka. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alipelekwa Bucharest (katika Romania ya leo) kuishi na ndugu wa familia aliyefanya kazi katika ofisi ya mwakilishi wa Ufaransa, akakaa huko hadi alipofika miaka 18. Aliporudi alisomea famasia mjini Strasbourg, akafungua duka la dawa, huku akiendelea na masomo. Alipata shahada ya udaktari wa sayansi mwaka 1853 na ile ya tiba mwaka 1856, yaani akiwa na umri wa karibu miaka 40.

Mwaka 1854 alipewa nafasi ya ualimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, nafasi ambayo kabla yake ilishikwa na Pasteur. Miaka miwili baadaye alihamia Montpellier, kusini mwa nchi, akafundisha kemia ya tiba na famasia hadi katikati ya miaka ya 1870. Kazi zake karibu zote zenye thamani ya kudumu zilifanyika katika kipindi hiki cha Strasbourg na Montpellier.

Chuma na anilini

Mwaka 1854 Béchamp alionyesha kwamba nitrobenzeni, ikichanganywa na unga wa chuma pamoja na asidi ya siki, hugeuka kuwa anilini. Chuma huchukua oksijeni kutoka kundi la nitro na chenyewe huishia kuwa kutu. Mrusi Nikolai Zinin alikuwa ameshapata anilini kutoka nitrobenzeni mwaka 1842, lakini kwa njia ya salfaidi iliyokuwa ghali na yenye harufu mbaya. Chuma kilikuwa rahisi, na kilipatikana kila mahali.

Bahati ilikuwa upande wake, kwa sababu miaka miwili tu baadaye, 1856, kijana Mwingereza William Perkin alipata rangi ya zambarau kutokana na anilini, na ghafla viwanda vya nguo vya Ulaya vikahitaji anilini kwa tani. Njia ya Béchamp, ambayo viwanda viliipunguzia gharama kwa kutumia asidi ya hidrokloriki kidogo badala ya asidi ya siki, ndiyo iliyobeba viwanda hivyo vya rangi. Baadhi ya makampuni makubwa ya dawa ya Ujerumani na Uswisi yalianza kama viwanda vya rangi za aina hii.

Njia hiyo ina kasoro moja kubwa: huacha tope jingi la kutu. Kila pipa la anilini lilitoka na mzigo wake wa tope la kutupwa, mpaka mwaka 1925 kampuni ya Bayer ilipopata namna ya kuligeuza tope hilo kuwa rangi nyekundu, njano na nyeusi za kupakia. Rangi za oksidi ya chuma za namna hiyo hutumika hadi leo kwenye saruji na vigae vya nyumba.

Sukari ya miwa na zimasi

Katika mwezi wa Mei 1854, bado akiwa Strasbourg, Béchamp aliyeyusha sukari safi ya miwa katika maji, akaiweka ndani ya chupa na kuiacha. Kila baada ya muda alipima jinsi myeyusho ule unavyogeuza mwelekeo wa mwanga maalumu unaopita ndani yake. Sukari ya miwa (sukrosi) hugeuza mwanga huo kuelekea kulia. Ikipasuliwa huwa glukosi na fruktosi, na mchanganyiko wa hizo mbili huugeuza kuelekea kushoto. Ndiyo maana mabadiliko haya yakaitwa ya kupindua, na kimeng'enya kinachoyaleta huitwa invatesi.

Wakati ule wengi waliamini kwamba maji peke yake, yakipewa muda, yanapasua sukari. Béchamp aliona kwamba katika chupa zake ukungu ulikuwa umeota. Akarudia jaribio kwa makini zaidi mjini Montpellier: chupa nyingine aliziongezea kreosoti au chumvi zinazozuia ukungu kuota, nyingine hakuziongezea. Zilizozuiwa zilibaki kama zilivyokuwa kwa miezi. Zilizoachwa zikaota ukungu, na sukari yake ikapasuka. Matokeo hayo aliyachapisha katika miaka ya 1857 na 1858. Hitimisho lake lilikuwa na sehemu mbili: vijidudu vya ukungu vinatoka hewani, na vikishaota hutoa kitu kinachoyeyuka katika maji, nacho ndicho kinachopasua sukari.

Sehemu ya pili ndiyo muhimu zaidi hapa. Mfaransa Anselme Payen na mwenzake Jean-François Persoz walikuwa wameshapata diastesi kutoka shayiri iliyochipuka mwaka 1833, kwa hiyo wazo la vichocheo vinavyotengenezwa na viumbe hai halikuwa geni. Wapika rubisi wa Bukoba walikuwa wakitumia mtama pamoja na maji ya ndizi bila kuhitaji jina la kitaalamu. Lakini Béchamp alitenganisha wazi mambo mawili ambayo wenzake waliyachanganya: kiumbe hai chenyewe, na kitu ambacho kiumbe hicho hukitoa na ambacho kinaweza kufanya kazi nje ya mwili wake. Mwaka 1860 mwanakemia Marcellin Berthelot alikitoa kitu hicho kutoka katika hamira. Mwaka 1864 Béchamp akavipa vitu vya namna hii jina la zimasi. Neno la kisasa la kimataifa la vimeng'enya lilitungwa baadaye, katika miaka ya 1870, na Mjerumani Wilhelm Kühne.

Neno zimasi lilipata maisha mapya mwaka 1897, Eduard Buchner alipoponda hamira, akakamua maji yake, na kuona kwamba maji hayo yasiyo na seli hai bado yanageuza sukari kuwa pombe. Alikiita kitu kilichomo ndani zimasi, akidhani ni kimeng'enya kimoja. Utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba ni mfululizo wa vimeng'enya zaidi ya kumi, kila kimoja kikipokea alichoacha mwenzake na kukikabidhi kwa anayefuata. Buchner alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907, wakati Béchamp akiwa mzee wa miaka 91 mjini Paris.

Kwa mkulima wa miwa wa Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, invatesi ni hasara. Mua uliokatwa una invatesi yake wenyewe, na ukikaa juani kabla ya kusagwa, sukrosi hupasuka na kiwanda hupata fuwele chache za sukari. Kwa hiyo miwa hukimbizwa kiwandani mara baada ya kukatwa.

Ugomvi na Pasteur

Pasteur na Béchamp walifanya kazi juu ya mambo yaleyale kwa wakati uleule: uchachushaji, vijidudu vya hewani, magonjwa ya viwavi wa hariri, magonjwa ya mvinyo. Kuhusu ugonjwa wa viwavi wa hariri uitwao pebrini, Béchamp alisema mapema, mwaka 1866, kwamba unaletwa na kimelea kinachomvamia kiwavi kutoka nje, wakati Pasteur alikuwa bado anashikilia maelezo tofauti. Baadaye Pasteur alikubali kwamba ni kimelea. Béchamp aliona ameibiwa, na katika jambo hili malalamiko yake yalikuwa na msingi. Pasteur alikuwa na marafiki mjini Paris na masikio ya serikali, ilhali Béchamp alikuwa mwalimu wa mkoani.

Lakini haikuishia hapo. Katika miaka ya 1860 Béchamp alikuwa akitumia chokaa asilia katika majaribio yake ya uchachushaji, akaona kwamba chokaa hiyo, hata iliyochimbwa ardhini, huanzisha uchachushaji wenyewe. Badala ya kushuku kwamba vijidudu vimeingia kutoka hewani, kama yeye mwenyewe alivyoonyesha miaka michache kabla, alihitimisha kwamba ndani ya chokaa kuna punje hai za kale sana. Aliziita mikrozima. Alidai kwamba punje hizo zimo ndani ya kila kiumbe, kwamba ndizo zinazojenga seli, na kwamba mwili ukiugua au kufa zenyewe hugeuka kuwa bakteria. Kwa maoni hayo, bakteria ni tokeo la ugonjwa. Kitabu chake kikubwa juu ya mikrozima kilitoka mwaka 1883.

Nadharia hiyo si sahihi. Ilikuwa imeshapitwa na ushahidi hata wakati wa uhai wake, na mahali pa kuona hivyo vizuri ni pwani ya Ziwa Viktoria yenyewe. Mwaka 1902 na 1903 huko Entebbe, Aldo Castellani aliona vimelea vya trypanosoma katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa malale, na David Bruce akathibitisha kwamba vinaletwa na mbung'o. Mtu aliyekaa mbali na mbung'o hakuugua, hata mwili wake uwe dhaifu kiasi gani. Siku hizi jina la Béchamp hutajwa na watu wanaopinga chanjo, pamoja na hadithi kwamba Pasteur kabla ya kufa alikiri kuwa mpinzani wake ndiye aliyekuwa na haki. Hakuna ushahidi wa ungamo hilo. Wanaoitumia hadithi hiyo husahau pia kwamba mwenyewe Béchamp ndiye aliyesema viwavi wa hariri wanaugua kwa kimelea cha kutoka nje.

Miaka ya mwisho

Kutoka Montpellier alihamia Lille, kaskazini mwa Ufaransa, akawa mkuu wa kitivo cha tiba katika chuo kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa mjini humo. Hakupata utulivu. Baadhi ya viongozi wa chuo waliona kwamba mafundisho yake juu ya mikrozima yananukia falsafa isiyomtaka Mungu, na jitihada zilifanyika vitabu vyake viwekwe katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa. Béchamp, aliyekuwa Mkatoliki mwenyewe, aliondoka kazini mwaka 1886. Kwa muda mfupi aliendesha duka la dawa pamoja na mwanawe huko Le Havre, kisha akahamia Paris, ambako alipewa nafasi ndogo ya maabara katika Sorbonne. Aliendelea kuandika hadi uzee wake mkubwa. Alifariki tarehe 15 Aprili 1908 akiwa na umri wa miaka 91.

Atoxyl

Katika mwaka 1859, wakati wa Montpellier, Béchamp alipasha moto anilini pamoja na asidi ya arseniki hadi joto la karibu nyuzi 200. Alipata kiwanja cheupe kilichoyeyuka vizuri katika maji kikiwa chumvi ya sodiamu. Kwa hiyo hatua mbili alizozibuni yeye mwenyewe, chuma kwanza na arseniki baadaye, zilitosha kumfikisha mtu kutoka nitrobenzeni hadi kiwanja hicho. Hakukitafutia matumizi makubwa, nacho kikakaa kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 40.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanja hicho kilianza kuuzwa Ujerumani kama dawa ya magonjwa ya ngozi na upungufu wa damu, kwa jina la Atoxyl, maana yake isiyo na sumu. Kilikuwa na ukali mdogo kuliko arseniki ya kawaida, lakini jina hilo lilikuwa la kupotosha, kama wagonjwa wa Ziwa Viktoria walivyokuja kugundua. Mwaka 1905 Wolferstan Thomas na Anton Breinl, watafiti wa Liverpool, walionyesha kwamba Atoxyl inaondoa trypanosoma katika wanyama wa maabara.

Wakati huo malale ilikuwa imeshaangamiza pwani ya kaskazini ya ziwa. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa Busoga, Buganda na visiwani tangu mwanzo wa karne. Vijiji vizima vya wavuvi vilibaki vitupu. Serikali ya Ujerumani, iliyotawala upande wa kusini, ilihofia kwamba ugonjwa utashuka hadi Mwanza na Bukoba, kwa sababu watu wa Kiziba na sehemu nyingine za Bukoba walikuwa wakienda Uganda kutafuta kazi na kurudi. Ikamtuma Robert Koch, aliyekuwa ametoka kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Koch na wenzake, akiwemo Friedrich Karl Kleine, walifika Mwanza mwaka 1906. Mwanza ya wakati huo ilikuwa boma la Wajerumani, bandari, na maduka machache kati ya mawe makubwa ya ufukweni. Wagonjwa waliowapata hapo walikuwa wachache mno kwa utafiti wao. Kwa hiyo walivuka ziwa kwenda visiwa vya Ssese, upande wa Waingereza, wakapiga kambi katika kisiwa cha Bugala, ambako wagonjwa walikuwa tele.

Mwanzoni matokeo yalionekana kama muujiza. Kwa sindano za nusu gramu za Atoxyl, vimelea vilitoweka katika tezi za shingo ndani ya saa chache, na watu waliobebwa kwa machela walisimama na kutembea. Habari zikaenea, mitumbwi ikaja kutoka kila upande, na zaidi ya watu 1,000 walitibiwa. Lakini baada ya wiki kadhaa vimelea vilirudi kwa wengi. Koch akaongeza kipimo hadi gramu nzima. Hapo ndipo ubaya wa dawa ulipojitokeza: wagonjwa zaidi ya 20 walipofuka, na upofu wao ulikuwa wa kudumu, kwa sababu arseniki ilikuwa imeharibu mishipa ya fahamu ya macho. Koch alirudi kwenye kipimo kidogo. Waliopofuka walikuwa wametumiwa kutafuta kipimo, jambo ambalo kwa taratibu za utafiti za leo lisingeruhusiwa kwa namna ile.

Koch aliondoka mwaka 1907. Alipendekeza wagonjwa watengwe katika kambi, vichaka vya ufukweni vifyekwe, na hata mamba waangamizwe, kwa kuwa aliona mbung'o wakinyonya damu ya mamba. Upande wa Wajerumani kambi za malale zilianzishwa, miongoni mwake Kigarama katika Kiziba na Shirati upande wa mashariki wa ziwa. Sindano za Atoxyl ziliendelea huko, na wengi walizikimbia. Siku Béchamp alipofariki mjini Paris, kiwanja alichokitengeneza karibu miaka 50 kabla kilikuwa kikidungwa watu pwani ya ziwa.

Kleine alibaki. Mwaka 1909, kwenye pwani hiyohiyo, alionyesha kwamba kimelea hupitia hatua za kukua ndani ya mbung'o kwa siku nyingi kabla mdudu hajaweza kuambukiza, kinyume na dhana ya awali kwamba mbung'o hubeba kimelea mdomoni tu kama sindano chafu.

Wakati huohuo Paul Ehrlich na Alfred Bertheim wa Frankfurt walichunguza upya kiwanja cha Béchamp. Mwaka 1907 walithibitisha kwamba alikosea kuhusu muundo wake. Alidhani arseniki imeshikana na nitrojeni. Kumbe imeshikana na kaboni ya upande wa pili wa pete, na nitrojeni iko huru. Jambo hilo linaweza kuonekana dogo, lakini nitrojeni iliyo huru ni mahali pa kuanzia hatua nyingine za kemia, na kutoka hapo Ehrlich akajenga mamia ya viwanja vipya. Namba 606 kati ya hivyo ilikuwa Salvarsan, dawa ya kaswende iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Kwa upande wa malale, Atoxyl ilizaa tryparsamide mwaka 1919, na mstari wa dawa za arseniki ukafika hadi melarsoprol mwaka 1949, ambayo yenyewe huua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 wanaotibiwa nayo.

Mwaka 1922 malale ya aina nyingine, iendayo kwa kasi zaidi, iligunduliwa Maswa, kusini-mashariki mwa Mwanza. Aina hii (rhodesiense) haikutibika kwa Atoxyl. Dawa iliyofaa katika hatua yake ya kwanza ilikuwa suramini, iliyotengenezwa na Bayer mwaka 1916 bila arseniki, na serikali ya Tanganyika iliwahamisha watu wengi wa maeneo ya mbung'o katika makazi ya pamoja.

Kimeng'enya ndani ya bomba

Urithi wa pili wa Béchamp ulichukua njia tofauti. Mwaka 1916 huko New York, John Nelson na Edward Griffin walichanganya invatesi na mkaa wa kusafishia. Kimeng'enya kiling'ang'ania juu ya mkaa, nao wakategemea kwamba kimekufa. Hakikufa. Kiliendelea kupasua sukari kama kawaida, ingawa hakikutoka tena kwenye mkaa hata ulipooshwa.

Maana ya jambo hilo haikuonekana mara moja. Katika sufuria, kimeng'enya huchanganyika na bidhaa, na kazi ikiisha hutupwa pamoja na maji au huharibiwa kwa moto. Kikifungwa juu ya punje za mkaa au za utomvu, punje hizo zinaweza kujazwa ndani ya bomba. Maji ya sukari yanaingia juu, yanapita polepole kati ya punje, na yanatoka chini yakiwa glukosi na fruktosi, mfululizo, usiku na mchana, huku kimeng'enya kikibaki palepale. Kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ndiyo iliyokuwa ya kwanza kufanya hivyo kiwandani, mwaka 1969, chini ya Ichiro Chibata, kwa kutenganisha asidi amino. Muda mfupi baadaye njia hiyo ilitumika kugeuza glukosi ya mahindi kuwa fruktosi, na leo shira inayotengenezwa hivyo hutia utamu katika soda nyingi, hasa Marekani.

Hatua inayofuata ni kuunganisha mabomba. Kiwanja kinachotoka bomba la kwanza kinaingia la pili lenye kimeng'enya kingine, kisha la tatu, bila mtu kusimama katikati kukichuja na kukikausha. Ndivyo seli ya hamira inavyofanya kazi na zimasi ya Buchner. Faida ya mabomba inaonekana kwa mfano rahisi. Invatesi hupenda uchachu, pH ya karibu 4.5. Kimeng'enya kinachogeuza glukosi kuwa fruktosi kinataka pH ya kati ya 7 na 8, joto la karibu nyuzi 60, na magnesiamu kidogo. Katika sufuria moja, hali inayomfaa mmoja inamlemaza mwenzake. Katika mabomba mawili kila kimoja kinapata mazingira yake, na kati yao huwekwa mrija wa kuingiza kitu cha kurekebisha uchachu. Pia vimeng'enya vinavyodhuriana vinaweza kusaidiana. Kimoja kinachooksidisha glukosi hutoa hidrojeni peroksidi, ambayo ingekiharibu chenyewe, lakini kikifuatwa na katalesi, kimeng'enya kilekile ambacho wanafunzi wa sekondari hukiona kikitoa mapovu kwenye ini la ng'ombe, peroksidi hiyo huwa maji na oksijeni.

Matatizo bado yapo. Vimeng'enya huzeeka ndani ya bomba, na kimoja kikichoka mnyororo wote hupungua. Punje huziba. Vimeng'enya vingi vinahitaji msaidizi wa gharama kubwa, kama NAD, ambaye huyeyuka na kuondoka na maji asipofungwa naye au kurudishwa mwanzo. Kwa sababu hizo viwanda vingi vya dawa bado hutumia mapipa. Hata mfululizo mashuhuri wa vimeng'enya tisa uliotangazwa na kampuni ya Merck mwaka 2019, wa kutengeneza islatravir, dawa dhidi ya VVU iliyokuwa bado ya majaribio wakati huo, ulifanyika kwa mafungu katika vyombo, ingawa baadhi ya vimeng'enya vyake vilifungwa juu ya punje.

Mmenyuko wa chuma wa Béchamp umo katika orodha ya kazi ambazo wanakemia wanataka kuzihamishia kwenye mtiririko. Badala ya chuma na tope lake, viwanda vingi sasa hutumia hidrojeni na vichocheo vya metali, na maabara kadhaa zinajaribu vimeng'enya vinavyopunguza kundi la nitro katika maji ya kawaida. Vimeng'enya vya jamii hiyo vimo pia ndani ya trypanosoma. Fexinidazole, dawa ya vidonge iliyoingia katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani kwa aina ya gambiense mwaka 2019 na kwa rhodesiense, aina inayopatikana Tanzania, mwaka 2024, ina kundi la nitro. Kimelea hulipunguza kundi hilo kwa kimeng'enya chake mwenyewe, na vitu vinavyotokea hapo ndivyo vinavyokiua. Mgonjwa wa rhodesiense aliyefikia hatua ya pili hahitaji tena kuanza na sindano ya arseniki.